Je, wajua kwa nini duka la vikoi Mombasa linaweza kuguswa na sheria ya Ulaya?

Tuseme una chumba kimoja Mombasa kilichojaa vikoi, tovuti ndogo uliyotengenezewa na kijana wa mtaani, na simu moja ya kupokelea oda. Jumatatu asubuhi inaingia oda kutoka Lyon, Ufaransa: vikoi viwili, jina la mnunuzi, anwani ya nyumbani, namba ya simu na barua pepe. Pesa imeshaingia, unafunga kifurushi. Hujasaini mkataba na serikali yoyote ya Ulaya, lakini huenda tayari uko chini ya GDPR, kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data binafsi, iliyopitishwa Aprili 2016 na kuanza kutumika tarehe 25 Mei 2018.

Inakufikiaje ng'ambo yote hii? Jibu liko kwenye ibara ya 3. Kanuni haiulizi tu duka liko wapi, inauliza pia mnunuzi yuko wapi na kama wewe umewalenga watu wa huko. Uraia hauhesabiki. Mtanzania anayeishi Hamburg akiagiza kikoi kwako analindwa sawasawa na jirani yake Mjerumani, ilhali Mjerumani aliye likizoni Diani akiingia dukani na kununua kwa mkono, ununuzi huo hauletwi chini ya kanuni kwa sababu tu ya pasipoti yake.

Na tovuti kuonekana Ulaya hakutoshi, maana kila tovuti inaonekana Ulaya. Kinachoangaliwa ni dalili kwamba ulikusudia kuwauzia: bei umeziweka kwa euro, umeandika gharama za kutuma Ufaransa na Uhispania, una ukurasa wa Kijerumani, au unajivunia maoni ya wateja wako wa Italia. Anayeuza kwa shilingi, anayeandika Kiswahili na Kiingereza cha nyumbani, kisha mtu mmoja wa Lyon akamtafuta mwenyewe, hayuko kwenye hali hiyo hiyo.

Kanuni ilipoanza, magazeti kadhaa ya Marekani, yakiwemo Los Angeles Times na Chicago Tribune, yaliwafungia wasomaji wa Ulaya kuliko kujipanga upya. Naona duka dogo halina haja ya kufika huko. Lina data chache, na uchache huo ndio nguvu yake.

Turudi kwenye ile oda. Wauzaji wengi hudhani kila kitu kinahitaji ridhaa ya mteja, basi wanamjazia visanduku vya "nakubali" kila hatua. Sivyo kanuni inavyosema. Jina na anwani unavihitaji ili umpelekee alichonunua, na mkataba wa mauzo ni sababu halali inayojitosheleza. Risiti unaitunza kwa sababu sheria ya kodi inakutaka. Ridhaa inahitajika unapotaka kitu cha ziada, mathalani kumtumia matangazo mtu aliyejaza fomu ya kuuliza tu bila kununua. Tena ridhaa yenyewe lazima itoke kwake. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya kampuni ya Kijerumani ya Planet49, ilisema kisanduku kilichotiwa tiki tayari si ridhaa. Mteja hajafanya chochote. Ni wewe uliyemjibia.

Ndiyo maana swali la kwanza kuhusu fomu yako ya oda ni hili: kila nafasi ya kujaza inafanya kazi gani? Tarehe ya kuzaliwa kwa ajili ya kikoi? Ifute. Jinsia? Ifute. Namba ya simu ibaki, kwa kuwa mpeleka vifurushi huenda akaihitaji mlangoni.

Vidakuzi, ambavyo wengi tunaviita kuki, ni vifaili vidogo ambavyo tovuti huviacha kwenye kifaa cha mgeni, na vina sheria yao ya 2002, iliyokazwa mwaka 2009. Kidakuzi kinachokumbuka kwamba mteja ameweka vikoi viwili kwenye kikapu hakihitaji ruhusa, maana bila hicho duka haliendi. Kile kinachomfuata mteja akiondoka ili aonyeshwe matangazo kwingine kinahitaji, na kukataa kuwe rahisi kama kukubali. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa ya kulinda data, CNIL, ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook kwa kuwafanya watu wabofye mara nyingi zaidi ili kukataa kuliko kukubali. Duka dogo lina njia ya mkato: lisiweke vidakuzi vya kufuatilia, na kile kibango cha kuudhi cha kuomba ruhusa hakitahitajika.

Lakini kilichowaumiza wadogo zaidi ni herufi. Kijana aliyekutengenezea tovuti huenda alichagua mwandiko wa kupendeza kutoka Google Fonts, mkusanyiko wa miandiko wa Google, akauacha uvutwe moja kwa moja kutoka seva za Google. Kila mgeni anapofungua ukurasa, kompyuta yake inakwenda kuuomba mwandiko huo, na ili ijibiwe inabidi ijitambulishe kwa anwani yake ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Mgeni hajaulizwa, wala hajui. Tarehe 20 Januari 2022 mahakama moja ya München ilimwamuru mwenye tovuti amlipe mlalamikaji euro 100 kwa jambo hilo. Baada ya hukumu, barua za madai zilimiminika kwa wenye tovuti ndogo Ujerumani na Austria, na wengi waliogopa wakalipa. Tiba yake ni kupakua faili za mwandiko na kuziweka kwenye seva yako mwenyewe. Fundi anaimaliza kabla chai haijapoa, na mgeni haoni tofauti yoyote.

Kosa lingine ninaloliona mara kwa mara ni sera ya faragha iliyonakiliwa kutoka kampuni kubwa. Inaahidi afisa wa ulinzi wa data ambaye duka halina, inataja ofisi tatu ambazo hazipo. Ni afadhali nusu ukurasa wa kweli: sisi ni nani, tunachukua nini, kwa nini, tunampa nani, tunakaa nacho muda gani, utufikie wapi ukitaka kionekane, kirekebishwe au kifutwe, na kwamba unaweza kulalamika kwa mamlaka. Kwenye "tunampa nani" usisahau msafirishaji, huduma ya malipo, na kampuni inayohifadhi tovuti. Wale wanaoshika data kwa niaba yako unatakiwa kuwa na mkataba nao wa kuichakata. Nyingi ya kampuni hizo zimeshauandaa, wewe unaukubali na kuuhifadhi.

Sasa swali ambalo kila mfanyabiashara analiuliza kimoyomoyo: watanifikia huku? Viwango vya juu vya faini vinatisha, euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya mwaka duniani, kinachozidi, lakini kanuni inataka faini ilingane na kosa, na kosa dogo linaweza kuishia kwenye onyo. Kumkamata muuzaji wa Mombasa asiye na mali Ulaya ni kazi ngumu. Hata hivyo, anayeuza huko mara kwa mara anatakiwa ateue kwa maandishi mwakilishi ndani ya Umoja wa Ulaya. Msamaha upo kwa anayechakata data kwa nadra na bila hatari. Na nyumbani sheria zimekuja: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Ukijipanga kwa ajili ya Lyon, umeshajipanga sehemu kubwa kwa ajili ya Nairobi na Dodoma.

Nisingependa tuiache ile simu moja. Humo mna mazungumzo ya WhatsApp, anwani za wateja, picha zao wakiwa wamevaa vikoi, ambazo usiziweke kwenye status bila kuwauliza. Mpwa wako anayefunga vifurushi anajua nywila. Simu ikiibwa kwenye matatu, tatizo si kifaa peke yake. GDPR inataka mamlaka iarifiwe ndani ya saa 72 tangu ugundue, isipokuwa kama tukio hilo halielekei kuwaletea wateja hatari. Sheria ya Kenya nayo inataja saa 72. Simu iliyofungwa kwa nywila imara, unayoweza kuifuta ukiwa mbali, inabadilisha kabisa hesabu ya hatari hiyo.

Kisha siku moja yule mteja wa Lyon anaandika: nionyeshe kila ulicho nacho kunihusu. Una mwezi mmoja kumjibu, na kwa kawaida bila kumtoza chochote. Mwenye daftari, jedwali la Excel, barua pepe mbili na simu tatu zenye mazungumzo ya miaka atahangaika. Mwenye orodha moja anaifungua jioni, anakuta jina, anwani, namba, tarehe ya oda na vikoi viwili vya buluu, anavinakili, anamtumia.