Je, wajua Marekani wanajuaje ni watu wangapi hawana kazi?

Mimi jibu nilikuwa nalo miaka mingi, na kijiweni nililisema kwa kujiamini kabisa: wanahesabu waliojiandikisha kupokea mafao ya kukosa kazi, basi. Zile picha za miaka ya 1930, uchumi wao ulipoporomoka, wanaume wa makoti na kofia wamepanga foleni ya mkate, zilinikaa kichwani nikajua hesabu ni ya foleni. Kumbe hata kidogo.

Mafao yana takwimu zake, zinatoka kila wiki, ila ni kitu kingine. Majimbo mengi mafao yanakata wiki ya 26, kwa hiyo kwa hesabu yangu mtu angekuwa "amepata kazi" siku hela ilipokata! Aliyemaliza chuo juzi hana mafao, aliyeacha kazi mwenyewe kwa kawaida hapewi, wengine hawaombi kabisa, yaani kwa nyakati za kawaida wengi wa wasio na kazi kule hawapokei hata senti. Na kama bado unabisha (mimi nilibisha), Oktoba 2025 shughuli za serikali yao zilisimama kwa ugomvi wa bajeti, watu waliendelea kuomba mafao kama kawaida, lakini asilimia ya wasio na kazi ya mwezi ule haikutoka, kwa sababu hiyo inatokana na kuuliza watu, na makarani hawakwenda kuuliza.

Kumuuliza nani sasa? Kaya kama 60,000 tu kila mwezi. Ofisi ya Sensa inauliza, Ofisi ya Takwimu za Kazi inatangaza. Nchi ina watu zaidi ya milioni 330.

Hapo watu huguna. Lakini nenda wanaponunua mchele kwa gunia, mwangalie mnunuzi mwenye bambo, kile kichuma chenye ncha na mfereji, anachoma gunia, punje chache zinamwagika kiganjani, anazigeuzageuza, anatafuna moja, anakutajia bei, gunia hajalifungua. Wingi wa punje haumsumbui, kinachomsumbua ni amechoma wapi, maana muuzaji mjanja mchele mzuri anauweka juu, so atachoma juu, ubavuni na chini kabisa. Zile kaya zinachaguliwa kwa akili hiyohiyo, kila jimbo, mjini na shamba. Na hawabadilishi zote kwa mpigo: kaya inaulizwa miezi minne mfululizo, inapumzishwa minane, inarudiwa minne, ndo inaachwa. Kwa hiyo mwezi huu na uliopita kaya nyingi ni zilezile, namba ikiruka haiwi tu kwa sababu wamechoma gunia jingine.

Maswali yenyewe sasa ndo vituko. Karani hakuulizi kama unajiona huna kazi. Anauliza wiki fulani, kwa kawaida yenye tarehe 12, ulifanya kazi ya malipo? Saa moja tu inatosha, umeshahesabiwa una kazi. Hukufanya? Je, wiki nne zilizopita umetafuta kwa vitendo, umepeleka maombi, umempigia mwajiri? Kusoma matangazo tu hakuhesabiki. Ukichoka ukaacha kutafuta, wewe sio mwenye kazi wala sio asiye na kazi, umetoka kwenye gunia kabisa, na hapo asilimia inaweza kushuka huku hali ni mbaya vilevile. Ndo maana wana kipimo kingine kipana kinachoongeza waliokata tamaa na wanaofanya vibarua vya saa chache wakitaka za kutwa. Aprili 2020, corona imepamba moto, cha kawaida kilitangazwa 14.7%, kile kipana karibu 23%.

Na mpaka 1994 swali la kuanzia lilitegemea nani kafungua mlango. Mwanaume anaulizwa wiki iliyopita muda mwingi ulikuwa unafanya kazi au kitu kingine, mwanamke anaongezewa "au kazi za nyumbani". Dodoso jipya lilipojaribiwa sambamba na la zamani, wanawake wasio na kazi walionekana wengi zaidi, ingawa wachambuzi wa baadaye waliipunguza tofauti hiyo, kwa hiyo usiende nayo mbali sana.

Tukirudi kwenye picha yangu ya foleni: ile "25% hawana kazi mwaka 1933" inayotajwa kila mahali ni makadirio yaliyopigwa baadaye, wakati ule hakukuwa na mtu anayehesabu kila mwezi. Mwaka 1937 serikali ilijaribu kutuma kadi za posta nyumba kwa nyumba, asiye na kazi ajaze arudishe. Zilirudi kama milioni 7.8. Halafu wapeleka barua wakagonga milango kwenye baadhi tu ya njia zao kuhakiki, hesabu ya milangoni ikaonyesha karibu milioni 11. Kuuliza kila mwezi kukaanza 1940, na foleni ya mkate ya 1933 haikuwa na hesabu ya namna hiyo.