Ugonjwa wa kusahau, ngoma na nyavu: tunachokosea

"Ni uzee tu," tunasema mzee akianza kusahau. Hapana. Wazee wangapi mtaani kwako wamevuka miaka 80 na bado wanajua nani anadaiwa na nani? Demensia, yaani ugonjwa wa kusahau, hutokana na magonjwa yanayoharibu ubongo. Alzheimer ndiyo inayoongoza, kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa, na kiharusi nacho huchangia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na hali hii.

"Bibi yule ni mchawi." Huku Kanda ya Ziwa neno hili limeshaua. Bibi anatoka usiku, anaongea peke yake, hamjui mwanawe, na macho ni mekundu kwa sababu amepikia kuni maisha yake yote. Kupotea njia na kuchanganya usiku na mchana ni dalili za ugonjwa. Mpeleke hospitali.

"Ngoma ya nini, kesho hatakumbuka?" Ndivyo husemwa ukitaka kuwapigia wazee hawa ngoma au kuwapa kazi za mikono walizozizoea. Hii ndiyo inayonikera, maana hata mimi niliisema. Babu yangu yuko Igombe, Mwanza, alivua tangu kijana. Jina langu limeshamtoka. Siku moja mjomba alimwekea magotini wavu wa dagaa uliochanika, na sindano yenye uzi. Babu akapapasa tundu, akakata nyuzi mbovu kwa meno, akaanza kufunga vifundo, kidole gumba kikipima ukubwa wa jicho la wavu. Hakuuliza chochote. Baadaye akaanza kuimba, na wanaume waliokuwa wakianika dagaa wakamwitikia.

Ujuzi wa mikono na nyimbo za ujanani mara nyingi hubaki muda mrefu baada ya majina na tarehe kupotea, kwa sababu ubongo hauhifadhi vyote mahali pamoja. Ndiyo maana bibi asiyejua leo ni siku gani anaweza kusuka ukili bila kukosea, na aliyecheza bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, akishika jembe mkono unafuata ngoma. Ila chagueni vizuri: Wasukuma wana makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, Bagika na Bagalu, na mzee aliyekuwa upande wa Bagika, ukimletea ngoma za Bagalu, usishangae akinuna! Na kesho asipokumbuka, saa ile alifurahi. Utulivu wake unaweza kubaki hata tukio likishasahaulika.

"Basi sanaa inaponya." Haiponyi, na anayekuuzia hivyo mkimbie. Hadi sasa hakuna tiba inayoondoa Alzheimer. Tafiti za muziki zinaonyesha zaidi nafuu ya huzuni, si kurudi kwa kumbukumbu. Dawa alizoandikiwa ziendelee.

"Wape rangi wapake, kama watoto." Wengine watapenda, sawa. Lakini mfinyanzi mpe udongo. Na acheni mtihani wa "unanikumbuka mimi ni nani?" Unamwaibisha mbele za watu. Jitaje mwenyewe: "Shikamoo babu, ni mimi mjukuu wako," kisha kaa naye.

"Lazima awepo mtaalamu wa kuwachezesha." Akiwepo ni vizuri. Lakini wazee watano chini ya mwembe, mpigaji mmoja anayejua nyimbo zao, maji ya kunywa na mtu wa kuangalia asipotee mtu, inatosha kuanza. Spika za harusini ziacheni, kelele huwavuruga. Fanyeni asubuhi, maana jua likianza kuzama wengi wao huhangaika na kutaka "kurudi nyumbani" hata wakiwa nyumbani.