Je, mashirika ya utetezi ndiyo yanayotunga sheria za ukatili?

Wengi huamini kwamba sheria za ukatili dhidi ya wanawake huandikwa na mashirika ya utetezi, Bunge likabaki kupiga muhuri. Dhana hiyo ina chanzo: mashirika huandaa rasimu za vifungu, hupeleka maoni kwenye kamati na kuwafuata wabunge mmoja mmoja. Ila kupendekeza si kupitisha.

Chukua Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya, ya 2006. Watetezi walitaka ubakaji ndani ya ndoa uwe kosa. Kifungu cha 43(5) kikawaondoa waliooana kisheria kwenye kosa hilo. Cha 38, kilichofanya kutoa madai ya uongo ya makosa hayo kuwa kosa, kiliwakera pia, na kilidumu miaka kadhaa kabla ya kufutwa.

Ukitaka kuhakiki, weka mswada uliochapishwa kando ya sheria iliyopitishwa. Tofauti zikijitokeza, soma Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ya hatua ya kamati ya Bunge zima, ambapo wabunge wote hupitia mswada kifungu kwa kifungu, maana marekebisho mengi huingilia hapo. Hakikisha nakala yako ya sheria ni iliyorekebishwa. Za zamani bado zinazunguka kwenye simu. Na maoni si ya mashirika peke yao: Katiba ya 2010, kifungu cha 118, inalitaka Bunge liushirikishe umma.