Rangi ing'aayo inayogundua floraidi majini: ni nini, na hufanyaje kazi?

Floraidi iliyomo majini haionekani wala hainuki. Kuchemsha maji hakuiondoi: yakipungua kwa mvuke, inazidi kukolea. Familia nyingi za kandokando ya Mlima Meru huijua kwa meno ya watoto kugeuka kahawia, na hapo madhara yameshatokea. Ukomo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Maabara hupima kwa elektrodi ya fuwele, kifaa sahihi kweli, lakini kinataka mita na mtu aliyefunzwa.

Kichunguzi cha rangi ing'aayo kinalenga kurahisisha kazi hiyo. Ni molekuli inayofyonza mwanga wa aina moja, mathalani urujuanimno, na kutoa mwingine, kijani au buluu. Hutengenezwa kwa makusudi ili ikikutana na ayoni ya floraidi (chembe yake yenye chaji ya umeme), mng'ao wake uwake, uzimike au ugeuke rangi.

Njia inayonivutia zaidi inategemea silikoni, elementi iliyomo kwenye mchanga na kioo. Mkemia huchukua rangi kama fluoreseini na kuifunga oksijeni yake kwa kundi lenye silikoni. Ikiwa imefungwa hivyo, haing'ai. Sasa, floraidi na silikoni hushikana kwa nguvu isiyo ya kawaida. Ndiyo sababu asidi ya hidrofloriki, yenye floraidi, hula kioo. Floraidi ikifika huinyakua silikoni, kifungo cha oksijeni hukatika, na rangi huwaka. Kadiri floraidi ilivyo nyingi ndivyo mng'ao unavyopanda, kwa hiyo kiasi chake hukadirika. Kloraidi, hata ikijaa majini, haina nguvu hiyo. Ila kifungo kikikatika hakirudi: kila kipimo kinataka rangi mpya, tena jibu laweza kuchelewa. Vichunguzi vingine hutumia boroni.

Kikwazo kikubwa ni maji yenyewe. Ayoni ya floraidi ni ndogo mno, na molekuli za maji huizingira na kuing'ang'ania. Ndiyo maana vichunguzi vingi vinavyowaka vizuri ndani ya asetonitrili, kiyeyushi cha maabara kisicho maji, havionyeshi kitu vikitiwa majini. Ukisikia kichunguzi kipya kinasifiwa, uliza kwanza kama kilijaribiwa kwenye maji, kisha uliza kinaanza kuona floraidi kwenye kiwango gani. Kinachoanzia miligramu 10 kwa lita hakimsaidii mwenye kisima cha miligramu 3, na huyo naye yuko juu ya ukomo maradufu.