Houston: dhana potofu kuhusu bandari iliyo mbali na bahari

Mtu akisikia kwamba Houston, mji wa jimbo la Texas nchini Marekani, ni bandari, huona mji wa ufukweni. Sivyo. Houston imejengwa bara, kando ya Buffalo Bayou, mto mdogo wenye matope, na kutoka hapo hadi Ghuba ya Mexico ni safari ya kilomita 80 hivi. Zamani bandari kuu ya eneo hilo ilikuwa Galveston, kisiwani. Septemba 1900 kimbunga kiliipiga Galveston na kuua watu wasiopungua 6,000. Marekani haijapata janga la asili lililoua wengi kuliko hilo. Watu wa Houston, ambao tangu zamani walitaka meli ziingie hadi kwao, sasa walikuwa na hoja nzito: shehena inahitaji mahali salama. Wakakubali kubeba nusu ya gharama, serikali ya shirikisho ikalipa nusu nyingine, na mfereji wa meli ukafunguliwa mwaka 1914. Bandari hiyo, ambayo leo ni kati ya zile zenye shughuli nyingi zaidi nchini humo, ni kazi ya mikono ya watu.

Je, ndio mji mkuu wa Texas? Hapana, ni Austin. Houston ilikuwa mji mkuu kuanzia 1837 hadi 1839, Texas ilipokuwa nchi huru.

Roketi nazo hazirushwi kutoka Houston. Zile za Apollo, mpango uliopeleka watu mwezini, zilirushwa kutoka Florida. Houston iliziongoza zikishakuwa angani.

Wengine hudhani Texas yote ni jangwa. Mwaka 2017 kimbunga Harvey kilimwaga zaidi ya milimita 1,000 za mvua katika sehemu za Houston, maji yakaingia katika maelfu ya nyumba.

Dhana inayoniudhi kuliko zote ni kwamba huo ni mji wa Wazungu wachunga ng'ombe. Sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 2.3, na kundi kubwa zaidi ni la wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Watu Weusi wana mizizi mirefu hapo: mwaka 1872, waliotoka utumwani walichanga fedha wakanunua uwanja wa kusherehekea uhuru wao kila Juni 19, na uwanja huo, Emancipation Park, upo hadi leo. Siku hizi wamo pia wakimbizi kutoka Kongo, na Kiswahili kinazungumzwa majumbani mwao.