Bidhaa Ionekane Ilivyo: Mwanga na Picha kwa Wenye Maduka Madogo Mwanza

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la biashara yameanza kufanana. Mteja ameona kitenge cha zambarau kwenye picha ya WhatsApp, ametuma pesa kwa simu, mzigo umevuka kwa meli hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, na alipoufungua amekuta bluu iliyokolea. Katika mengi ya mashauri hayo muuzaji hakukusudia kudanganya. Taa ya dukani ndiyo iliyobadilisha rangi, na kamera ikaipokea kama ilivyo.

Maduka mengi ya katikati ya jiji ni membamba na marefu, hivyo bidhaa za nyuma hutegemea balbu mchana kutwa. Dhana kwamba balbu nyeupe kuliko zote ndiyo bora tumeirekebisha mara nyingi, na tunairekebisha tena hapa. Wati huonyesha umeme unaotumika, lumeni huonyesha wingi wa mwanga, na namba yenye herufi K huonyesha rangi yake. Mwanga wa 3000K una umanjano unaofaa mikate na samani za mbao. Wa 4000K unafaa nguo na viatu. Wa 6500K una ubluu unaofanya ngozi ya mteja anayejipima nguo ionekane imepauka. Mwenye duka la nguo atafute pia kwenye boksi alama ya CRI au Ra, yaani kipimo cha hadi 100 cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi, na achague 90 au zaidi, kwa sababu chini ya balbu duni, rangi nyeusi na bluu ya giza hazitofautishiki. Asichanganye balbu za rangi mbili kwenye rafu moja. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60, kwa hiyo hofu ya bili haina msingi. Kazi ya nyaya afanye fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.

Kwa upande wa picha, simu ya kawaida inatosha, na tunaomba wafanyabiashara waache kuahirisha jambo hili wakisubiri simu ya bei kubwa. Mwanza iko karibu na Ikweta, hivyo jua la adhuhuri hukaa karibu utosini na kutupa vivuli vikali. Bidhaa iwekwe kivulini kwenye baraza, ikielekea upande wenye mwanga, na karatasi nyeupe ya manila isimamishwe upande wa pili ili kurudisha mwanga kwenye giza. Zima flashi, futa lenzi, sogea karibu badala ya kuvuta picha kwa vidole, na usitumie filta. Kasoro ya bidhaa nayo ipigwe picha. Mteja aliyeiona kabla ya kulipa hana cha kurudisha.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, katika vifungu vya 15 na 16, inakataza mwenendo wa kupotosha na maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na picha iliyokolezwa rangi inaweza kuhesabiwa humo. Vivyo hivyo taa yenye wekundu juu ya nyama, au juu ya sangara ambaye mteja humpima kwa wekundu wa matamvua. Mlalamikaji aanze kwa muuzaji. Asiporidhika, aiandikie Tume ya Ushindani, inayosimamia sheria hiyo, maelezo yake na kuambatisha picha aliyotumiwa, ujumbe wa muamala na picha ya bidhaa aliyopokea. Tume inaweza kutoa amri ya kuacha mwenendo huo, amri ya fidia, na faini inayokokotolewa kwa asilimia ya mauzo ya mwaka.

Picha iliyoko mtandaoni si mali ya kila mtu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 humlinda mpigaji tangu picha inapopigwa, na kukata jina lake pembeni hakuondoi haki hiyo. Sura ya mteja nayo ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023: aombwe ridhaa kabla ya picha kurushwa, na kwa mtoto aombwe mzazi au mlezi. Akikataa, nguo itundikwe kwenye hanga na ipigwe picha peke yake.