Kongo haikuihama SADC

Pale Kondele, Kisumu, mwendesha boda mmoja alinishikilia kwamba Kongo "ilihama" kusini ikaja kwetu. Sivyo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, tangu 1997. Mwaka 2022 ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki bila kujitoa kule. Tanzania nayo imo katika zote mbili, na sijasikia ikiitwa mhamaji.

Kuwa na miguu pande zote kuna uzito wake. Wanajeshi wa Afrika Mashariki, Wakenya wakiwemo, walipoondoka Kongo Desemba 2023, wa SADC ndio walioingia. Kisha tarehe 8 Februari 2025 jumuiya zote mbili zikaketi pamoja Dar es Salaam, zikaagiza mazungumzo ya Luanda na ya Nairobi, ya kutafuta amani mashariki mwa Kongo, yaunganishwe.